Slaidi 412 za vichwa vya treni vya dizeli vya Uingereza: nizisome na kuzitunza vipi hapa Tanga?

Mpwa wa Baharia, Chumbageni, Tanga

Ndugu wanabaraza, asalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo tangu ujana wake hadi alipostaafu akarudi Tanga. Alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu, na katika vitu alivyoacha mimi nilipewa sanduku la bati ambalo kwa miaka yote lilikaa juu ya kabati na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Sisi tulidhani lina hati za nyumba. Nilipolifungua nilikuta slaidi, yaani zile picha za filamu zilizotiwa kila moja kwenye fremu yake ndogo ya mraba, ambazo zamani zilioneshwa ukutani kwa projekta. Nimezihesabu mara mbili na ni 412. Karibu zote ni picha za vichwa vya treni vya dizeli vya Uingereza. Hakuna picha ya meli hata moja, na mjomba mwenyewe yumo katika mbili tu, zote amesimama kando ya kichwa cha treni akiwa amenyooka kama mtu anayepimwa urefu.

Mama anasema kwamba kila meli ilipofunga gati London, au katika bandari za upande wa Bristol, wenzake walikwenda madukani kununua redio na viatu, naye akenda stesheni, akakata tiketi ya kuingilia jukwaani tu, akakaa huko mpaka jioni. Kwa nini alifanya hivyo hakuwahi kumweleza mtu, wala sisi hatukuwahi kumuuliza.

Hali ya slaidi zenyewe si moja. Nyingi zimo katika fremu za karatasi ngumu zilizoandikwa Kodachrome, na rangi zake zinang'aa kana kwamba zimepigwa juzi. Nyingine, ambazo fremu zake ni za plastiki, zimegeuka nyekundu kama maji ya rozela. Kuna kama 30 zenye nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui, nami nadhani hiyo ni kuvu. Pamoja nazo limo daftari ambalo mjomba aliandika namba ya kila kichwa cha treni na jina la stesheni, lakini hakuandika mwaka.

Kabla sijajua la kufanya nilichukua slaidi 24 nikazipeleka studio moja ili zihamishiwe kwenye kompyuta. Wakazitoa zote kwenye fremu zao, wakatupa fremu, wakanirudishia vipande vya filamu vimerundikwa katika bahasha moja pamoja na diski yenye picha zilizofifia. Sasa sijui kipande kipi ni cha ukurasa upi wa daftari.

Naomba msaada katika mambo manne. Kwanza, nitajuaje picha ilipigwa lini? Daftari lenyewe linanichanganya, kwa maana chini ya picha moja mjomba ameandika "D9000 tena", hali kichwa cha treni kinachoonekana kina namba 55 022. Pili, nizitunze vipi katika unyevu huu wa pwani? Tatu, ningependa kuuendeleza mkusanyo huu kwa kununua slaidi nyingine kutoka Uingereza, je, kuna wenye uzoefu wa jambo hilo? Nne, kuna slaidi moja, ambayo mimi nimeipa namba 388, inayoonesha kichwa cha treni chenye rangi ya damu ya mzee, na haimo kabisa katika daftari. Natamani iwe ni picha ya hapa Tanga.

Mzee wa Karakana, Ngamiani, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Mimi nilikuwa fundi wa dizeli katika reli tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977, na injini za Kiingereza nimezifungua na kuzifunga kwa mikono hii. Nitakujibu la kwanza na la nne. Mambo ya filamu wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Mjomba wako hakukosea. D9000 na 55 022 ni kichwa kimoja cha treni, na jina lake ni Royal Scots Grey. Ni kimojawapo cha vichwa 22 vinavyoitwa Deltic, ambavyo English Electric ilivijenga mwaka 1961 na 1962 katika kiwanda cha Vulcan Foundry, mji wa Newton-le-Willows. Mwanzoni vilihesabiwa kuanzia D9000 hadi D9021. Ilipofika mwaka 1973 na 1974, reli ya Uingereza ilivipa vichwa vyote namba mpya ili viingie katika mfumo wa kompyuta, yaani tarakimu mbili za aina yake kisha tarakimu tatu za kichwa chenyewe. D9001 ikawa 55 001, D9002 ikawa 55 002, na kuendelea. Lakini mfumo huo haukuanza hesabu na sifuri, kwa hiyo D9000, aliyekuwa wa kwanza, alipelekwa mwisho wa foleni akawa 55 022. Basi mjomba alipomwona tena miaka kadhaa baadaye, akiwa na rangi nyingine na namba nyingine, alimtambua na kumwandika kwa jina alilomzoea. Hilo si kosa la karani. Huo ni ujuzi.

Sasa kuhusu miaka. Kichwa cha treni cha dizeli cha Uingereza unaweza kukisoma usoni. Kikiwa cha kijani na hakina rangi ya njano mbele, hiyo ni picha ya mwanzo kabisa wa miaka ya 1960 au kabla yake. Kikiwa cha kijani na kina kipande kidogo cha njano kwenye paji la uso, hiyo ni miaka iliyofuata, kwa sababu waliona kwamba mafundi wa njia walioizoea injini ya mvuke na moshi wake hawakuwa wakiiona wala kuisikia dizeli mpaka imefika karibu. Mwishoni mwa muongo huo uso wote ukapakwa njano. Rangi ya buluu ilianza kuenea kuanzia 1965, ila upakaji ulichukua miaka mingi, kwa hiyo kijani peke yake isikuhakikishie tarehe.

Herufi D nayo inasaidia. Iliwekwa ili kuitofautisha dizeli na injini ya mvuke. Mvuke ulipokoma katika treni za kawaida za reli hiyo, Agosti 1968, haja ya D ikaisha na ikaanza kuachwa. Hata hivyo, jihadhari na vichwa vinavyoitwa Western, ambavyo bila shaka utavikuta katika picha za Bristol. Vilikuwa 74, kuanzia D1000 hadi D1073, na namba zao zilikuwa za chuma kilichokalibiwa na kufungwa ubavuni, si za kupakwa. Hivyo havikuwahi kubandikwa namba mpya, na vilibaki na namba zao za zamani mpaka vilipoondolewa Februari 1977. Mtu asiyejua hilo ataiweka picha ya mwaka 1976 katika kabati la mwaka 1966.

Tazama pia kisanduku cha taa kilicho mbele, chenye alama nne, yaani tarakimu tatu na herufi moja. Hiyo ni namba ya safari. Tarakimu ya kwanza ni daraja la treni, na 1 maana yake ni treni ya abiria ya mwendo kasi. Herufi inayofuata huonesha inakokwenda, hivyo ukiona King's Cross, stesheni kubwa ya London, kichwa cha treni kimeandikwa 1S, jua kinaelekea Scotland. Kuanzia Januari 1976 waliacha kuonesha namba hizo. Utakuta sifuri nne, au baadaye nukta mbili nyeupe, na vichwa vya Western vyenyewe viliweka namba zao hapo, jambo ambalo wapiga picha walilipenda sana. Mwisho, ukikuta Deltic lenye madirisha ya dereva yaliyozungushiwa rangi nyeupe, hiyo ni 1979 au baada yake, nalo ni la karakana ya Finsbury Park, London. Deltic la mwisho liliondolewa kazini mwanzoni mwa Januari 1982.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Umesema hamkujua kwa nini baharia alipenda dizeli. Deltic lilikuwa na injini mbili za Napier, kila moja ina silinda 18 zilizopangwa pembetatu, na ndani yake pistoni 36 zinazokutana mbili mbili uso kwa uso. Kila injini ilitoa nguvu za farasi 1,650, jumla 3,300. Injini hiyo haikubuniwa kwa ajili ya reli. Ilibuniwa kwa ajili ya boti za kasi za jeshi la majini la Uingereza. Mimi nadhani mjomba wako, siku aliposimama King's Cross na kichwa hicho kikaondoka, alisikia sauti ya baharini. Hayo ni mawazo ya mzee tu, usiyaandike popote.

Kuhusu 388, tafuta kioo cha kukuzia na uniambie mambo matatu. Je, mbele kuna bafa, yaani vizuizi vya kupokea mgongano, mbili za mviringo kushoto na kulia, pamoja na ndoano katikati, au kuna kiunganishi kimoja tu cha katikati? Reli yenyewe ni pana au nyembamba? Na ubavuni pameandikwa nini?

Chumba cha Giza, Bagamoyo

Asalaam alaykum. Mimi nilisafisha filamu kwa zaidi ya miaka 20 kabla kamera za kidijitali hazijatufungia duka, kwa hiyo suala la pili ni langu.

Zile zilizobaki na rangi na zile zilizogeuka rozela zilikaa sanduku moja, joto moja, na hatima zao ni tofauti kwa sababu ya namna zilivyotengenezwa. Katika Kodachrome rangi haikuwemo ndani ya filamu. Ilitiwa wakati wa kusafisha, katika maabara yenye mitambo mikubwa ambayo sisi wa mitaani tusingeweza kuwa nayo, ndiyo maana mjomba wako alilazimika kuzituma kwa posta. Rangi hizo zikikaa gizani hudumu ajabu. Filamu nyingi nyingine za zamani, ikiwemo Ektachrome ya kale, zilikuwa na viasili vya rangi ndani yake, na rangi ya samawati ndiyo hudhoofika kwanza hata gizani, basi kinachobaki ni wekundu. Wekundu huo hauondoki kwenye filamu, lakini ukishaihamishia picha kwenye kompyuta unaweza kurudisha sehemu kubwa ya rangi, mradi usichelewe.

Kuna jambo moja ambalo watu hulikosea. Kodachrome hushinda nyingine gizani, lakini kwenye mwanga wa projekta huchakaa upesi kuliko wenzake wengi. Usiite majirani kila Ijumaa kuwaonesha. Oneshaneni nakala.

Kuvu ndiyo adui wa pwani. Utando wa filamu umetengenezwa kwa jelatini, na jelatini ni chakula. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu huamka, na sisi wa Bagamoyo na Tanga tunajua kwamba hewa yetu hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, hasa masika. Nakusihi usizioshe kwa maji. Kuvu inapoila jelatini huifanya iyeyuke majini, na nimemwona mtu akitia slaidi katika bakuli akainua kipande cha plastiki kisichokuwa na kitu, picha yote imebaki kwenye maji. Zitenge hizo 30 mbali na wenzake, zipate mahali pakavu, halafu upangusie nyuzi zilizo juu kwa brashi laini sana. Zilizozama ndani ziache zilivyo.

Kwa hifadhi, tafuta makopo ya plastiki yanayofunga kwa mpira, ya kuwekea vyakula, na ndani uweke vifuko vya silika vinavyobadilika rangi vinaposhiba unyevu. Vikishiba, vikaushe katika oveni kwa joto la kama nyuzi 120 na uvirudishe. Bibi zetu walitumia mchele uliokaangwa, nami nauheshimu, ila mchele huleta vumbi na wadudu, na mende akishaonja jelatini hatosheki. Mifuko ya plastiki aina ya PVC usiitumie, kwa sababu hutoa mvuke unaoharibu filamu. Tafuta ya polipropilini. Fremu zenye vioo, kama zipo, zikague kwanza, maana unyevu hunaswa kati ya kioo na filamu. Na sanduku la bati litoe juu ya kabati. Joto la chini ya paa la mabati unalijua.

Kwa upande wa kuskani, skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko inatosha kwa kuanzia, na skana ya filamu peke yake ni bora zaidi. Picha ya slaidi ni milimita 24 kwa 36. Ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi utapata picha ya pikseli kama milioni 21, na hapo hata namba ya safari kwenye kisanduku cha taa itasomeka. Zima ile huduma ya skana inayofuta vumbi kwa miale ya infraredi unapofika kwenye Kodachrome, kwa sababu filamu hiyo huizuia miale na skana itadhani sehemu za picha ni uchafu, ifute hata kingo za reli. Tumia pampu ndogo ya kupulizia vumbi badala yake.

Sasa hao 24 waliovuliwa nguo. Kilichofanyika hapo kinaniuma, kwa sababu fremu ya Kodak ni cheti cha kuzaliwa cha picha. Nyingi zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kusafishwa, pamoja na namba ya picha katika mkanda. Lakini hujapoteza kila kitu. Chukua kipande kimoja, kielekeze kwenye mwanga, utazame ukingo wake wenye matundu, ambao ulikuwa umefichwa na fremu. Utaona jina la filamu na namba ya picha. Kisha zipange slaidi zenye fremu kwa mwezi wa muhuri na namba, kuanzia 1 hadi 36, uone mapengo yako wapi. Kipande chenye namba 14 kitatafuta pengo la 14. Namba ya ukingoni na ya fremu kwa kawaida hulingana, pengine hutofautiana kwa moja. Rangi ya mbingu na stesheni vitakusaidia kuamua.

Mkonge Damu, Korogwe

Nawasoma kwa heshima, lakini niseme ukweli wangu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ni ya kwanza katika nchi yetu, na picha zake za rangi sijui nani anazo. Sisi tunahangaika kukausha picha za treni za King's Cross. Kwa nini asiwauzie Waingereza wenyewe wanaozipenda, pesa hiyo itumike kukusanya picha za Korogwe, Mombo na Buiko kabla wenye nazo hawajafa?

Mzee wa Karakana, Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu wa Korogwe, la pili ni jema na ninakuunga mkono. La kwanza sikubaliani nalo. Picha hizi zilipigwa na mtu wa Tanga, kwa pesa ya jasho lake, na alichagua mwenyewe cha kutazama. Waingereza wanazo picha za Deltic alizopiga Mwingereza. Hizi hawana.

Bi Raskazone, Tanga

Habari zenu wanabaraza. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninanunua slaidi za treni kutoka minada ya mtandaoni ya Uingereza kwa miaka sita sasa, jambo ambalo wanangu wameacha kulizungumzia. Nijibu la tatu.

Kwanza utofautishe slaidi asili na nakala. Zamani wapiga picha na makampuni waliuza nakala za picha nzuri, na leo hizo zimechanganyika minadani na zile zilizokaa ndani ya kamera siku ile. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: nilinunua fungu la slaidi 60 za vichwa vya Western, nikalipa posta na ushuru, zilipofika nikagundua kwamba karibu zote ni nakala. Muuzaji hakusema uongo, alinyamaza tu. Nakala huwa na weusi mzito kupita kiasi, weupe uliopotea, na ukali wa picha uliopungua. Ukiwa na slaidi mkononi, iinamishe kwenye mwanga wa pembeni. Kodachrome asili, upande wake usiong'aa, utaonesha picha kama imechongwa, kingo za vitu zimeinuka kidogo. Ukikuta fremu ya Kodachrome lakini pande zote mbili ni laini tupu, uliza maswali. Kwa kuwa unanunua kwa kutazama skrini, mwombe muuzaji apige picha ya fremu mbele na nyuma. Anayekataa mwache.

Pili, usiifuate bei ya Deltic. Lilikuwa mashuhuri, kila mtu alikuwa na kamera mbele yake, na hadi leo wanaoligombania ni wengi. Mimi napenda picha ambazo hakuna aliyeona haja ya kuzipiga: kichwa kidogo cha shunting, yaani cha kupangia mabehewa, cha aina ya 08, ambacho walitengeneza 996, kikisukuma mabehewa ya makaa ya mawe siku ya mvua. Filamu zenyewe zilikuwa nzito kwa mwanga, ASA 25 au 64, na mbingu ya kule ni ya mawingu, ndiyo sababu utaona treni nyingi zimesimama stesheni na chache zinakimbia. Aliyethubutu kupiga treni iendayo kasi siku ya mawingu, na namba ikasomeka, huyo alikuwa fundi. Ukikuta slaidi ya namna hiyo bei chini, usilale.

Tatu, kumiliki slaidi si kumiliki haki ya picha. Kwa sheria ya Uingereza haki hiyo ni ya mpigaji na warithi wake, na hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo chake. Slaidi za mjomba wako ni jambo la warithi wenyewe kukubaliana, lakini ninazonunua mimi nazitazama na kuzisoma, sizichapishi ovyo.

La mwisho linanigusa zaidi. Minadani mikusanyo ya marehemu huvunjwa ikauzwa moja moja. Yenye Deltic inakwenda kwa huyu, yenye Western kwa yule, na isiyo na namba inatupwa. Nina slaidi namba 22 ya mkanda fulani wa mwaka 1971, na sitajua kamwe mtu yule alipiga nini katika namba 21. Ukitaka kununua, nunua, lakini ziwekee sanduku lake na uzipe orodha yake. Hizi 412 usizichanganye na kitu chochote, wala usitoe hata ile iliyoharibika. Andika kwenye fremu kwa penseli laini, si kalamu ya wino, na maandishi ya mjomba usiyafute hata yakiwa na makosa.

Mpwa wa Baharia, Chumbageni, Tanga

Wazee wangu na ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nimefuata maelekezo ya Chumba cha Giza. Nilitandika shuka jeupe sebuleni, nikazipanga slaidi kwa mihuri ya miezi kisha kwa namba, na kazi hiyo ilichukua jioni tisa. Zile 24 zilizotolewa fremu zote zina namba ukingoni, kama ulivyosema. Mpaka sasa 17 zimepata mapengo yao bila shaka yoyote, kwa sababu stesheni, hali ya hewa, na katika moja hata behewa lililovunjika kioo, vinaendelea kutoka picha moja hadi nyingine. Saba zilizobaki zinagombania mapengo mawili au matatu kila moja, nami sijathubutu kuamua. Zenye kuvu nimezitenga katika kopo lake, na vifuko vya silika vilibadilika rangi usiku wa kwanza tu, jambo lililonitia hofu kuhusu miaka yote ya juu ya kabati.

Mzee wa Karakana, vichwa vya Western vimenifundisha adabu. Nilikuwa nimeviweka vyote miaka ya 1960. Kumbe tisa kati yake vina namba zao wenyewe kwenye kisanduku cha taa, yaani ni 1976 au mwanzoni mwa 1977, na mihuri ya fremu inakubaliana nawe.

Sasa 388. Hakuna bafa mbili, kuna kiunganishi kimoja cha katikati. Reli ni nyembamba. Ubavuni pameandikwa kwa Kiingereza jina la Reli za Afrika Mashariki, na namba yake ina tarakimu nne inayoanza na 90. Nyuma yake kuna marobota yaliyopangwa, ambayo mimi nilishaamua moyoni kwamba ni ya mkonge.

Mzee wa Karakana, Ngamiani, Tanga

Mwanangu, nitakuvunja moyo kidogo kisha nitautengeneza. Reli hiyo ni ya geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya mita moja, kwa hiyo si Uingereza, ambako geji ni milimita 1,435. Namba inayoanza na 90 ni ile aina tuliyoiita tisini, ambayo baadaye namba zake zilibadilishwa zikaanza na 87. Hizo zilifanya kazi hasa katika njia kuu ya Kenya. Kwa baharia, mimi ningefikiria Mombasa kabla ya Tanga.

Ila tazama jambo hili. Tisini ilijengwa na English Electric, kiwanda kile kile cha Vulcan Foundry, na zilianza kufika mwaka 1960, mwaka mmoja tu kabla ya Deltic. Fremu ya 388 ina muhuri gani?

Mpwa wa Baharia, Chumbageni, Tanga

Juni 1964, namba 4. Nimekwenda kwenye mkanda wenyewe. Namba 1 hadi 3 hazimo. Namba 5 haimo pia, na hakuna kipande chochote katika wale saba kinachofaa pengo hilo. Namba 6 ni King's Cross, kichwa cha kijani chenye kipande kidogo cha njano mbele, kisanduku cha taa kinaanza na 1S, na namba ubavuni ni D9000. Katika daftari, picha hiyo ndiyo ya kwanza kabisa kuandikwa.

Mama nimemwonesha zote mbili kwa kioo cha kukuzia. Kuhusu marobota anasema ni pamba, si mkonge, na kwamba nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo.

Mzee, ukiwa na nafasi Jumamosi baada ya adhuhuri nitakuja Ngamiani na wale saba pamoja na taa ya kutazamia. Bi Raskazone, kama nawe unaweza kufika, lete ile namba 22 yako. Ninayo mikanda miwili ya mwaka 1971 yenye mapengo, na najua haiwezekani, lakini ningependa kuitazama.